Umenyimwa kazi ya urubani? Usijifiche, jipange

Baruapepe yenyewe huwa fupi. Wanakushukuru kwa kufika, wanakuambia ushindani ulikuwa mkali, wanakutakia kila la heri. Mistari minne hivi, na chini yake jina la mtu ambaye hata sura yake huikumbuki. Wengine hawapati hata hiyo. Waliambiwa "tutakupigia," na hadi leo simu haijalia.

Kama wewe ni mmoja wao, makala hii ni yako. Ni yako pia ikiwa ndugu yako, mpenzi wako au beste wako wa mtaa alienda kwa mahojiano ya kampuni ya ndege akiwa na suti mpya, na sasa hashiki simu.

Niseme mapema: mimi si rubani. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na riziki yangu ni kuandika mtandaoni. Lakini "hapana" naijua vizuri, na naishi mtaa ambao ndege za Wilson hupita juu ya paa tangu asubuhi. Nimekaa na vijana wa kutosha wenye leseni mfukoni na hawana kazi. Nilichokiona kwao ni kwamba wengi hawavunjwi na kule kukataliwa. Huvunjwa na kujificha kunakofuata.

Tuanze na mbona hii "hapana" inauma kuliko zingine. Ukinyimwa kazi kwenye duka la simu, kesho unajaribu duka la pili. Urubani ni hesabu nyingine kabisa. Leseni ya kwanza, ile ya kujirusha mwenyewe bila malipo, inataka angalau saa 40 hewani. Ya biashara, ile inayokuruhusu kulipwa, hufika kama saa 200. Kila saa hapo inalipiwa: ndege, mafuta, mwalimu. Bado kuna idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake wakati mawingu yamefunga, kuna ndege za injini mbili, kuna daktari wa kukupima macho, masikio na moyo. Ukifika kwenye kiti cha mahojiano, mamilioni ya shilingi yameshakwenda.

Na hizo pesa si zako. Ni ploti ambayo buda aliuza. Ni mkopo wa sacco ambao mathe bado analipa. Ni chama, ni harambee, ni shangazi aliye ng'ambo. Kijijini walishaanza kukuita Kapteni ukiwa na saa 12 tu. Kwa hivyo ile baruapepe ilipofika, haikukukataa wewe peke yako. Ulihisi imeukataa ukoo mzima, na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuwapelekea habari.

Hapo ndipo kujificha huanza. Mathe akiuliza unamwambia, "Bado wanashughulikia." Asubuhi unavaa, unatoka, unashinda mjini na kikombe kimoja cha chai. Instagram bado unaweka picha ya zamani, miwani meusi, Cessna nyuma yako. Rafiki akikupa dili ya kibarua unakataa kwa sababu Kapteni hawezi kuonekana akifanya kazi hiyo. Unakopa kwa simu ili sura isianguke, kisha unakopa tena kulipa deni la kwanza.

Wakati huo saa ya leseni inakimbia. Cheti cha afya cha rubani wa biashara kijana huisha baada ya miezi 12. Ukitaka kubeba abiria, lazima uwe umepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Ile idhini ya kuruka kwa vyombo nayo hudai mtihani wa kuirudisha. Yote hayo yanataka pesa kidogo na msaada wa watu, na wewe umejikata kutoka kwa watu. Mwaka ukiisha, kampuni nyingine inatangaza nafasi, na sasa kweli hufai: karatasi zimelala. Ile siku ya kwanza ulikuwa rubani aliyekosa nafasi. Aibu ndiyo iliyokufanya uwe rubani asiye na sifa. Wazee walisema mficha uchi hazai, na hapa imekaa sawasawa.

Sasa tuongee hesabu, kwa sababu kichwa chako usiku wa manane kinakuambia ulikataliwa kwa kuwa wewe ni bure. Dreamliner ya Kenya Airways hubeba abiria zaidi ya 200. Viti vya kuiendesha ni 2. Hata ukiweka zamu zote na safari zote, nchi hii haina kampuni nyingi za ndege, na kampuni haiajiri kila mwaka. Inaajiri ikiwa na ndege mpya, au marubani wake wakihamia Ghuba, au biashara ikinoga. Machi 2020 Kenya ilifunga safari za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona na hazikurudi hadi Agosti mosi. Kijana aliyemaliza mafunzo mwezi huo alikuwa na leseni ileile na mikono ileile ya yule aliyemaliza mwaka mmoja kabla. Tofauti ilikuwa kalenda.

Sisemi kila anayekataliwa ameonewa. Wengine hawakujiandaa. Wengine walifika kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, wakapotea dakika ya pili. Ninachosema ni kwamba jopo lilijibu swali dogo sana: kwa viti hivi vichache, siku hii, tumchukue nani? Usilichukue jibu la swali hilo ukalifanya jibu la maisha yako.

Basi ufanye nini? Kwanza, lia. Nasema hivyo bila mzaha, hasa kwa wanaume. Umepoteza kitu ambacho umekitaka tangu ukiwa mdogo ukikimbiza ndege uwanjani. Jipe siku tatu nne. Lala, kula, zima mitandao, mwambie mtu mmoja unayemwamini ukweli wote. Epuka wale wa kukuambia "kila kitu hutokea kwa sababu" kabla hujamaliza kupangusa macho.

Marubani wana shida moja zaidi hapa. Wengi huogopa kumwambia mtu yeyote kwamba kichwa kimelemewa, kwa hofu kwamba itaandikwa kwenye faili ya afya na leseni ipotee. Huzuni ya kukosa kazi ni huzuni, si ugonjwa wa kufichwa. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, au umeanza kufikiria kwamba afadhali usingekuwepo, hiyo si ya kubeba pekee yako. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya ni ya bure. Piga. Leseni hupoa na kuamshwa tena. Wewe huna spea.

Pili, nenda nyumbani ukaseme. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa WhatsApp. Wakalishe wale waliolipa na uwape ukweli kamili, na mpango pia: "Mathe, buda, sikuchukuliwa. Nilifika hatua hii, nikaanguka hapa. Leseni yangu iko hai hadi mwezi huu. Nitafanya hiki na hiki kabla ya kujaribu tena." Mzazi anaweza kukasirika jioni moja. Anaweza kunyamaza. Lakini mzazi aliyeuza ploti kwa ajili yako si mtu wa kuogopa habari mbaya. Kinachomuua ni kusikia kwa jirani miezi minane baadaye kwamba ulikuwa ukimdanganya kila asubuhi.

Tatu, fanya kile ambacho watu wa ndege hufanya kila kitu kinapoenda mrama: chunguza bila kulaumu. Ndege hubeba kinasa sauti na kinasa data ili ajali au hitilafu ikitokea watu wajue nini kilitendeka, hatua kwa hatua, isirudiwe. Jifanyie hivyo. Chukua karatasi jioni ya mahojiano yenyewe au kesho yake, kabla kumbukumbu haijaanza kukudanganya. Andika kila swali unalokumbuka. Uliangukia wapi? Mara nyingi mchujo huwa na hatua kadhaa: makaratasi, mtihani wa hesabu na fizikia, zoezi la kikundi, jopo, simuleta. Kuanguka kwenye hesabu kunatibiwa kwa vitabu na mwezi mmoja. Kuanguka kwenye simuleta kunatibiwa kwa saa chache na mwalimu mzuri. Kuanguka kwa jopo mara nyingi ni kwa sababu ulijibu kama mtu anayekariri, ama hukujua kampuni inarusha ndege gani na kwenda wapi. Hiyo nayo ina dawa.

Kisha waandikie. Heshima, mistari mitatu: asante, ningependa kujua nikaze wapi, na je, naweza kuomba tena lini? Wengi hawatajibu. Mmoja akijibu, umepata kitu ambacho wenzako hawana.

Hapa ndipo huwa nasikia watu wakitaja José Hernández, yule Mmarekani ambaye filamu ya maisha yake, A Million Miles Away, ilitoka mwaka 2023. Wazazi wake walitoka Meksiko wakawa vibarua wa mashamba California, naye akivuna nao akiwa mtoto. Alitaka kuwa mwanaanga wa NASA, akakataliwa mara 11. Mara ya 12, mwaka 2004, akachukuliwa, na mwaka 2009 akaenda angani kwa chombo cha Discovery. Wazungumzaji wa motisha hupenda kuishia hapo: usikate tamaa, mvumilivu hula mbivu, tafadhali lipia tiketi ya semina.

Wanaruka sehemu tamu. Hernández hakutuma karatasi ileile mara 12. Aliangalia waliochaguliwa wana nini ambacho yeye hana. Wengi walikuwa marubani, akajifunza kurusha ndege. Walikuwa wapiga mbizi, akapata cheti cha kupiga mbizi. Akajifunza Kirusi, kwa sababu Wamarekani na Warusi walikuwa wakifanya kazi pamoja huko juu. Kila "hapana" ilimkuta mtu tofauti na yule wa mwaka uliotangulia. Na tuwe wakweli: wako waliojaribu mara 12 na hawakuitwa, ila hao hakuna anayewatengenezea filamu. Uvumilivu peke yake ni kungoja tu. Kinachohesabika ni umeongeza nini kati ya jaribio moja na lingine.

Kwako kuongeza kunaweza kuwa nini? Saa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, hudai saa 1,500, na wewe una 200 na kitu. Hizo 1,300 zinapatikana kidogokidogo. Wengine husomea ualimu wa urubani, wakalipwa kidogo huku wakiongeza saa zao wakifundisha wengine. Wengine huanzia kiti cha kulia cha Caravan inayopeleka watalii Mara au mizigo mbali, kwenye viwanja vya changarawe ambavyo swara lazima wafukuzwe kwanza. Si kazi za kupiga picha za kifahari, ila rubani aliyetua kwenye vumbi na upepo wa pembeni akiingia tena kwenye jopo, ana la kusema.

Hata kazi za chini ndani ya uwanja si haramu. Kuna ofisi za kupanga safari na mafuta ya ndege, kuna mizigo, kuna kaunta za abiria. Ukiwa huko unasikia nafasi kabla hazijatangazwa, na mshahara mdogo unaweza kulipia saa moja moja za kuweka mkono wako hai. Na kama ni kuuza mitumba Gikomba au kuendesha boda ndiko kutalipia cheti cha afya, pia hiyo ni njia. Anayekucheka hakulipii.

Ila chunga matapeli. Wananusa machozi. Utapata ujumbe wa mtu "anayejua mtu ndani," nafasi ipo, tuma elfu hamsini za usajili kwa namba hii ya M-Pesa, leo kabla ya saa kumi. Au kampuni ya Ghuba inayokutaka ulipie viza na sare kabla ya mahojiano. Ukiona haraka pamoja na pesa, kimbia. Familia iliyouza ploti mara moja haina ya pili ya kumuuzia tapeli.

Nne, weka mpaka. Hili wengi hawapendi kuliandika, nami naliandika kama mtu aliyeacha kitu akiwa katikati. Kaa na familia mkubaliane: tutajaribu hadi tarehe fulani, tutatumia hadi kiasi fulani, na tukifika hapo tutakaa tena. Mpaka hauui ndoto. Unamlinda mathe asikope milele kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema inatosha. Siku hiyo ikifika na jibu liwe kufanya kitu kingine, shika kichwa juu. Umeshajifunza kufuata orodha ya ukaguzi bila kuruka mstari, kusoma hali ya hewa, kutulia redio inapopiga kelele na sauti tatu kwa wakati mmoja. Hayo hayaishi kwa sababu huvai mabega ya dhahabu.

Sasa nina neno kwa wale walio upande wa pili wa meza. Kampuni zetu za ndege, kubwa na ndogo: jibuni. Mtu aliyekuja kwenu ametumia mamilioni na miaka. Amepanda basi usiku kucha, amekopa viatu. Kumwambia "tutakupigia" halafu mkanyamaza ni dharau, na haina gharama yoyote kuirekebisha. Ujumbe mmoja wa "hapana," pamoja na hatua aliyoangukia, unaweza kutumwa kwa watu 100 kwa mbofyo mmoja. Kila asiyejibiwa anangoja, na akingoja hapangi. Nyinyi mnaojua thamani ya kila dakika ya ndege ikiwa chini, mnamfungia kijana miezi sita chini bila sababu.

Shule za urubani nazo ziseme ukweli siku ya kwanza, si siku ya kufuzu. Mzazi anayekuja na hundi aambiwe kwamba leseni ni leseni, haiji na kazi. Aambiwe kutenga pesa za kuiweka hai angalau mwaka mmoja baada ya masomo. Bango la kijana anayetabasamu mbele ya ndege halimwambii hayo.

Na wazazi, shangazi, majirani: punguzeni kuuliza "sasa unarusha ndege ipi?" Mkimwona amerudi nyumbani, mkaribisheni kwa jina alilopewa na mama yake. Kapteni atakuja, au hatakuja.

Kuna kitu marubani hufanya ambacho abiria wengi hatukielewi. Ndege inashuka JKIA, magurudumu yako nje, unaona paa za Embakasi, mara injini zinanguruma na mnapaa tena. Watu wanakamata viti, mama mmoja anaanza kusali. Kule mbele ni kazi ya kawaida. Njia ya kupaa tena huwa imechapishwa kwenye ramani ya kutua, na wale wawili huwa wameijadili kabla hata hawajaanza kushuka. Upepo umebadilika, kuna ndege nyingine njiani, mwinuko haukuwa sawa: wanapaa, wanawaambia wa chini kwamba wamepaa, wanazunguka, wanajipanga upya. Hawaulizwi kwa nini hawakulazimisha.

Soma tena hapo kati: wanawaambia wa chini. Hakuna rubani anayepaa tena kisha akazima redio ili mnara usijue hakutua. Akifanya hivyo ndipo anapokuwa hatari kwake na kwa wengine.

Basi leo, kabla hujalala, washa redio yako. Mpigie yule ambaye umekuwa ukimkwepa. Kisha toa cheti chako cha afya uangalie kinaisha lini.